Vinne Kutwa Mara Moja

Sidhani kama yapo maneno ya hospitali yanayotuliza moyo kuliko yale yanayoandikwa juu ya bahasha ya dawa: kimoja kutwa mara mbili, viwili kutwa mara tatu. Mgonjwa akishayasikia hujiona amekwisha kukabidhiwa ufunguo wa kupona. Nami niliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa nayapenda maneno hayo. Lakini ipo dawa ambayo ikiandikwa hivyo tu, nasema bila kumung'unya maneno, mgonjwa hakutibiwa. Ametupwa.

Dawa hiyo ni venetoklaksi. Miongoni mwa maradhi inayotibu ni lukemia kali ya mailoidi, saratani ya damu ambayo uboho wa mifupa hujaa chembe changa zisizokomaa, hata chembe njema zikakosa nafasi. Chembe hizo mbaya hujikinga kwa protini iitwayo BCL-2, inayozizuia zisife wakati wake unapofika. Venetoklaksi huikamata protini hiyo, nazo zikafa. Humezwa pamoja na chakula, na kwa kawaida mgonjwa huchomwa pia sindano za azasitidini. Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 2018, kwa wazee wa miaka 75 na zaidi na kwa wengine wasioweza kustahimili tiba nzito. Utafiti wa wagonjwa 431 uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa nusu ya waliopata dawa zote mbili waliishi miezi 14.7 au zaidi. Kwa waliopata azasitidini peke yake ilikuwa miezi 9.6. Miezi mitano, kwa bibi anayesubiri kumwona kitukuu, si kitu kidogo.

Ndiyo maana hukasirika nisikiapo watu, tena wengine wasomi, wakisema: "Ah, hicho ni kidonge tu." Kidonge tu! Kana kwamba ukali wa dawa hupimwa kwa mlango inaoingilia mwilini.

Tazama kwanza siku za mwanzo. Dozi kamili pamoja na azasitidini ni miligramu 400, yaani vidonge vinne vya 100. Lakini haianzwi hivyo. Siku ya kwanza ni 100, ya pili 200, ya tatu ndipo 400. Sababu ni kwamba chembe nyingi zikifa kwa mkupuo humwaga vilivyomo ndani yake katika damu: potasiamu inayoweza kusimamisha moyo, na asidi ya yuriki inayoweza kuziba figo. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa maji ya kutosha na kupewa dawa ya kupunguza asidi hiyo, na damu hupimwa kabla ya kila dozi mpya na tena saa sita hadi nane baadaye. Bahasha haisemi hayo.

Tazama pili dawa nyingine anazomeza. Ini lina kimeng'enya kinachoivunja venetoklaksi. Wagonjwa hawa mara nyingi hupewa posakonazoli ya kuwakinga na fangasi, nayo hukifunga kimeng'enya hicho, venetoklaksi ikarundikana mwilini. Maelezo ya dawa nchini Marekani yanaagiza dozi ishushwe kutoka 400 hadi 70: kidonge kimoja cha 50 na viwili vya 10. Rifampisini, tunayoijua sana Afrika Mashariki kwa kifua kikuu, hufanya kinyume: huiharakisha dawa itoke, saratani ikabaki inastarehe. Hata balungi na danzi vimekatazwa. Sasa aandikaye "vinne kutwa mara moja" bila kuuliza mgonjwa anameza nini kingine, anaandika dawa au anacheza bahati nasibu?

Tazama tatu siku za baadaye. Katika utafiti ule, wagonjwa 42 katika kila 100 waliopata dawa zote mbili walipata homa huku chembe nyeupe zikiwa zimeshuka. Upande wa pili walikuwa 19. Baada ya mzunguko wa kwanza uboho hupimwa. Ukiwa umesafika lakini damu bado haijainuka, dawa husimamishwa kwanza. Mgonjwa mtiifu asiye na wa kumwambia "pumzika" anaweza kuuawa na utiifu wake.

Najua nitajibiwa kwamba maabara ziko mbali, madaktari ni wachache, na masharti mengi yatawanyima wagonjwa dawa. Hoja hii ina sura ya huruma, lakini ni huruma ya kumpa mtu mtumbwi bila kasia. Ile miezi 14.7 haikuletwa na kidonge peke yake. Ililetwa na kidonge kilicholindwa na vipimo. Ukiondoa vipimo, huna haki ya kuahidi miezi hiyo.

Basi nadai jambo dogo. Cheti cha dawa hii kionyeshe ugonjwa na siku ya mzunguko, dawa zote nyingine pamoja na mitishamba, tarehe ya kupima damu, na nani apigiwe simu homa ikipanda usiku. Kikikosa hayo, mtoa dawa akirudishe kwa daktari, naye daktari asione ametukanwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni wa kaburi.