Tunaogopa masizi, tunakunywa vijidudu

Ndugu msomaji, uwe Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, swali hili linakuhusu: je, chembe za kaboni ndani ya maji ya kunywa zinaua? Tunasema chembe za masizi, za mkaa wa kuchujia maji na zile za viwandani zilizo ndogo kuliko nanomita 100. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000.

Tusitishane bure. Hospitalini mtu aliyekunywa sumu hunyweshwa mkaa maalumu, nao hutoka na choo. Nyuzi za kaboni za viwandani ni jambo jingine. Mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka aina moja ya nyuzi hizo katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Lakini ushahidi ulitoka kwa wanyama waliodungwa au kuvutishwa, si walionyweshwa.

Basi hatari iko wapi? Iko jikoni! Tunaambiwa tuchemshe maji. Tunachemsha kwa kuni na mkaa, milango imefungwa kwa baridi ya Juni na Julai. Kaboni usiyoinywa, mkeo na wanao wanaivuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Na asiye na fedha ya mkaa? Anakunywa maji mabichi, anasubiri homa ya matumbo na kipindupindu.

Nani aulizwe? Mwaka 1971 Serikali iliahidi maji safi vijijini ifikapo 1991. Ilipofika 1991, sera mpya ikasogeza ahadi hadi 2002: maji ndani ya mita 400. Mwaka 2002 ikaja sera nyingine. Mwaka 2024 tukapewa mkakati kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ahadi inazaa ahadi, na vigogo wanakunywa maji ya chupa.

Ndugu msomaji, usiache kuchemsha maji wala kuyatia dawa kwa kuogopa weusi wa mkaa. Fungua dirisha unapopika. Kisha mwulize diwani na mbunge wako mambo mawili: maji ya mtaa wetu yalipimwa lini, na majibu yako wapi? Mlalahoi hanywi tarehe. Anakunywa maji.