Uzi Uliofungwa Vizuri Huokoa Samaki na Mtu



Najua wengi wenu mtashangaa kuona karani wa ofisi ya kilimo akiandika habari za ufito wa kuvulia samaki. Mtasema, "Sisi tuna vitunguu vya kupalilia na mifereji ya kusafisha. Ufito ni mchezo wa watoto." Basi nawaomba mnisikilize kidogo. Kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu, na mwalimu haoni kosa akanyamaza.

Sisi tunaokaa kando ya mto Tana, tokea Garissa mpaka Bura na Hola, twajua kuwa kuna miezi ambayo mbegu imo ardhini na jikoni hamna kitu. Katika miezi hiyo kambare mmoja ni kitoweo cha nyumba nzima. Kwa hiyo ufito si mchezo. Ni chombo cha kazi kama jembe, na chombo cha kazi sharti kitengenezwe barabara.

Wengi wetu hufunga mshipi kwenye ncha ya ufito, basi. Kambare mkubwa akivuta, ncha huvunjika, na samaki, ndoana na mshipi vyote huenda zao. Wenye busara zaidi hutia pete za waya juu ya ufito, mshipi ukapita ndani ya pete mpaka kwenye shina, ukafungwa hapo. Ncha ikivunjika, mshipi bado u mkononi mwako.

Lakini pete hizo hufungwaje? Wengine hutoboa ufito kwa msumari, nao huvunjika papo hapo penye tundu. Wengine hufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na jua letu hulikausha hata likapasuka.

Mwaka jana nilikuwa ukingoni nikaona jambo hili kwa macho yangu. Mzee mmoja alinasa kambare. Mpira ukakatika, pete ya mbele ikachomoka, mshipi ukajisokota kwenye mizizi majini. Mzee akamwambia mjukuu wake aingie akauchomoe. Mtoto alikuwa amefika maji ya kifua mama mmoja aliyekuwa akiteka maji alipopiga kelele, "Mamba!" Mtoto alirudi mbio, akapona. Mzee alikaa chini akitetemeka, asiseme neno. Mimi nikajiuliza: tungemzika mtoto yule kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya pete moja iliyofungwa ovyo.

Sasa sikilizeni jinsi ya kuifunga. Chukua ufito mnyofu uliokaukia kivulini. Pete uikunje kwa waya mgumu, iwe na miguu miwili, mmoja kila upande. Ncha za miguu uzisugue kwa tupa mpaka ziwe nyembamba, ili uzi upande juu yake bila kuruka. Karibu na ncha ya ufito weka pete kwa kukaribiana. Kuelekea shina ziachane zaidi. Kisha tazama kwa jicho moja kutoka shina mpaka ncha, kama unavyotazama kamba ya kupandia, uone kuwa zimesimama katika mstari mmoja.

Uzi uwe mwembamba na wenye nguvu, kama ule wa nailoni wa mafundi wa nguo. Uupitishe katikati ya kurasa za kitabu kizito ili ukazike sawasawa. Anza kwenye ufito mtupu, mbele kidogo ya mguu wa pete. Usipige fundo. Laza mwanzo wa uzi juu ya ufito, uuzungushie uzi huo huo mara tano au sita, nao utajishika wenyewe. Kisha zungusha ufito, si uzi, ukielekea kwenye pete. Kila mzunguko ukae ubavuni mwa mwenzake, usipande juu yake wala usiache nafasi. Ukiona mwanya, usukume kwa mgongo wa kijiko.

Ikibaki mizunguko minane, laza juu ya ufito kitanzi cha uzi mwingine, kichwa chake kikielekea kwenye pete. Maliza kuzungusha juu yake, ukate uzi wako, upitishe mwisho wake katika kitanzi, kisha uvute mikia ya kitanzi. Mwisho wa uzi utaingia chini ya mizunguko na kukwama humo. Kata kilichobaki. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Halafu paka vanishi kidogo, ikauke, upake tena, ili maji na jua visiule uzi.

Pengine mtu atasema hiyo ni kazi ya watu wasio na haraka. Hasha! Huko Uingereza na Marekani mafundi wa zamani walifunga pete kwa uzi wa hariri juu ya fito za mwanzi. Siku hizi fito zao ni za nyuzi za kioo na za kaboni, lakini pete bado hufungwa kwa uzi. Sababu ni hii: uzi hautoboi ufito, na nguvu ya samaki huigawa katika mizunguko yote, isikae mahali pamoja.

Nami naongeza jambo moja. Mkono uliozoea kufunga pete ndio mkono wa kubebesha miembe. Kikonyo kikifungwa kwa mikanda iliyolegea, maji huingia na kikonyo hufa. Kikikazwa sawasawa, mzunguko juu ya mzunguko, hushika. Anayefanya ovyo ukingoni hufanya ovyo shambani pia.

Basi, ndugu, jioni moja kaa na mwanao, umfundishe kufunga pete moja. Ikiwa mbaya, ifungue muanze tena. Uzi si ghali. Na mshipi ukinasa majini, ukate, uuache. Ndoana hununuliwa dukani, lakini mtoto hauzwi popote.