Mchoro Huria Unahitaji Mwenye Kuwajibika

Hadubini ikiharibika katika zahanati ya mbali, na kipuri chake kikawa kinauzwa na kampuni moja tu ng'ambo, uchunguzi wa vimelea vya malaria husimama. Ndiyo sababu hadubini ya OpenFlexure, iliyoendelezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, Taasisi ya Afya Ifakara na wahandisi wa Dar es Salaam, inatia matumaini. Mwili wake huchapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, na michoro yake hutolewa bure chini ya leseni ya maunzi huria iliyoandaliwa na CERN, taasisi ya utafiti wa nyuklia iliyoko Geneva.

Hata hivyo, kutoa kifaa bure ni kugumu kuliko kutoa programu ya kompyuta. Programu ni maandishi, na maandishi hulindwa na hakimiliki. Katika kifaa, hakimiliki hulinda mchoro, ilhali namna kinavyofanya kazi hulindwa na hataza, ambayo huombwa na kulipiwa. Mbunifu anaweza kugawa mchoro wake kwa moyo mweupe, na bado mtengenezaji akaingilia hataza ya mtu mwingine.

Leseni ya CERN, iliyotolewa kwanza mwaka 2011, katika toleo lake la pili la mwaka 2020 ina namna tatu. Ya kwanza humtaka anayeboresha na kusambaza kifaa atoe pia michoro ya maboresho yake. Ya pili hulegeza sharti hilo. Ya tatu haina sharti hilo. Kwa vifaa tiba, ya kwanza ndiyo inayofaa. Wapo wasemao kuwa huwafukuza wawekezaji. Lakini haikatazi kuuza. Inakataza kumficha fundi wa hospitali mchoro wa kifaa anachopaswa kukitengeneza.

Pamoja na hayo, leseni peke yake haimlindi mgonjwa. Leseni hizi hutolewa bila dhamana, na humruhusu yeyote kubadili muundo. Mdhibiti, kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania, anahitaji kifaa kinachojulikana, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Lenzi ikikaa upande na vimelea visionekane, mama wa mtoto mwenye homa hawezi kuudai mchoro.

Kwa hiyo, vyuo vinavyobuni vifaa vichague leseni kabla ya kutoa mchoro wa kwanza, si baada ya wengi kuuchangia. Kisha taasisi moja yenye jina na anwani itengeneze toleo moja lililopimwa, ilisajili na kulijibia. Mhudumu wa afya naye, kabla ya kupokea kifaa huria, aulize: ni toleo gani, limepimwa na nani, na likikosea nani atajibu? Uhuru wa mchoro ni neema. Usiwe kisingizio cha kumwacha mgonjwa bila wa kumjibu.