Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Desturi moja imeenea katika nchi zetu. Mwandishi wa gazeti akianza kusifiwa kwa kazi yake, huitwa kwenda Ulaya au Marekani, majuma machache ama miezi kadha, akafundishwe namna ya kuandika habari za haki za binadamu. Hurudi na cheti, na picha, na maneno mapya. Watu husema, "Sasa tumepata mjuzi." Sisi twauliza, Tumepata nini?

Hatusemi kwamba elimu ya ng'ambo ni mbaya. Mtu akienda Uswidi ataona nchi iliyotunga sheria mwaka 1766 ya kumruhusu raia kusoma karatasi za serikali, naye atajifunza jambo la maana. Tunalolipinga ni kudhani kwamba haki ina kwao ng'ambo, nasi hatuna budi kuifuata huko kama watu wafuatao maji mtoni.

Haki hizo zimekwisha kuandikwa kwetu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulikubaliwa mwaka 1981, na Mahakama yake iko Arusha. Katiba ya Tanzania ilitiwa sura ya haki mwaka 1984, na ibara yake ya 18 yahusu uhuru wa maoni na wa kupata habari. Je, si aibu mwandishi wetu azijue njia za London, naye hajaketi hata siku moja katika Mahakama ya Arusha kusikiliza shauri?

Tena, ng'ambo hufundishwa kwa lugha ya kigeni. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba hulia kwa lugha yake, na wasomaji watakaomwonea huruma husoma Kiswahili. Mwandishi asiyeweza kuieleza sheria kwa maneno ambayo mkulima ayafahamu, amejifunza kwa faida ya nani?

Wala tusidhani kwamba chuo cha mbali humpa mtu moyo mwema. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM ya Rwanda, alikuwa mwalimu wa historia mwenye shahada ya udaktari kutoka Paris. Redio ile ilichochea mauaji ya mwaka 1994, naye akahukumiwa Arusha mwaka 2003 na mahakama ya Umoja wa Mataifa. Elimu hakuikosa.

Basi mwandishi ahitaji nini? Na tuwakumbuke wawili. Daudi Mwangosi aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Iringa, akiwa kazini. Askari mmoja alihukumiwa kwa kifo chake mwaka 2016. Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017, na miaka ikapita asirudi. Gwanda hakuwa mwajiriwa wa kudumu, bali mwandishi wa kujitegemea. Watu hawa hawakupungukiwa na ujuzi wa kuona yaliyokuwa mbele ya macho yao. Walipungukiwa na ngao, na cheti si ngao.

Kwa hiyo twawaambia wenye magazeti na wafadhili wao: fedha ya safari moja, mpeni mwandishi wa wilayani mshahara wa kweli, maana alipwaye kwa habari moja moja hushawishika kupokea bahasha ya mkubwa. Mwekeeni wakili atakayesimama naye siku ya taabu. Mfundisheni hapa hapa, mbele ya mahakimu na mawakili wa kwetu na wazee wa mabaraza. Akiisha kuijua nyumba yake, ndipo aende kutazama za wengine, naye atajua la kuchukua na la kuacha.

Nasi wasomaji tusijitoe katika lawama. Twataka gazeti liseme kweli, lakini twaliazima kwa jirani, na mwandishi akipatwa na jambo twanyamaza. Nyoka yumo ndani ya nyumba yetu. Fimbo iliyo ng'ambo, hata ikiwa nzuri namna gani, haitamfikia.