Ulizeni Kanzidata Kwanza, Ndipo Mtuite Foleni



Mgao uliopita tulifika saa kumi na moja alfajiri. Sisi vijana wa kujitolea tunapanga foleni, tunasaidia wazee kubeba mizigo, tunasoma namba za kadi. Saa mbili mashine ya vidole ikawashwa. Mama wa kwanza akaweka kidole. Kimya. Akaweka tena, kimya. Tukaambiwa, "Sistimu iko chini, subirini." Tulisubiri mpaka saa nane mchana, ndipo tukaambiwa turudi kesho. Baadaye tukasikia kwamba seva ilizima tangu usiku.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyetoka zoni ya mwisho kwa miguu, alituuliza: "Wanangu, hamkujua tangu asubuhi?"

Hatukujua. Lakini ingewezekana kujua, na ndiyo hoja yetu leo.

Jamani, sistimu siyo mzimu. Nyuma ya ile mashine kuna seva, na ndani ya seva kuna kanzidata, yaani daftari kubwa la majina yetu. Ukiweka kidole, mashine inaenda kuuliza daftari. Daftari lisipojibu, unga hautoki.

Kwenye chumba chetu cha kompyuta tuna seva ndogo ya PostgreSQL ya kuandikia mahudhurio ya madarasa. Tunaikagua kwa Ansible, programu ya bure. Unaandika maagizo kwenye faili, unaliweka kwenye ratiba, nayo inaingia kwenye seva yenyewe, hata saa kumi usiku wakati sote tumelala.

Tulianza kwa kukosea. Tulitumia agizo la ping, na kila asubuhi lilijibu "pong". Tukafurahi. Siku moja likajibu "pong" vilevile, kumbe darasani hakuna kinachofunguka! Ile ping inathibitisha tu kwamba Ansible imeingia kwenye mashine na kuikuta Python. Kanzidata haiigusi. Ni sawa na kupiga hodi, mtoto akaitikia, ukadhani mwenye nyumba yupo.

Sasa tunatumia postgresql_ping, ambayo inaiuliza kanzidata yenyewe na kuleta jibu la is_available: kweli au si kweli. Hata hapo kuna mtego. Kanzidata ikiwa chini, agizo hilo halihesabu hali hiyo kuwa kosa la kusimamisha kazi, linaleta "si kweli" na kazi inaendelea. Lazima uongeze agizo la pili: jibu likiwa "si kweli", mtu apate ujumbe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, alfajiri ya siku ya mgao kanzidata iulizwe yenyewe, siyo kuangalia tu kama seva inawaka. Pili, swali litoke kwenye kompyuta ya pale tunapopanga foleni. Seva inaweza kuwa nzima huko mjini na mnara wetu umekufa, na kwa yule mama matokeo ni yaleyale. Tatu, jibu lifike kwa viongozi wa zoni kabla watu hawajatoka nyumbani. Jibu likibaki kwenye simu ya fundi peke yake, sisi halitusaidii kitu.

Tunajua wengine watasema habari za wakimbizi ni siri. Ni kweli, na sisi ndio wenye siri hiyo. Lakini ukaguzi huu hausomi jina hata moja. Akaunti yake ipewe ruhusa ya kuunganisha tu, basi.

Wala hatusemi Ansible itawasha jenereta. Sistimu inaweza kuwa nzima saa kumi usiku ikafa saa tatu asubuhi, na siku hiyo tutavumilia pamoja. Ila pale ambapo imeshakufa tangu usiku, kwa nini mzee wa miaka 70 atembezwe bure?

Ndugu wafanyakazi, mkihitaji watu wa kuandika hilo faili, tupo, na chumba chetu mnakijua. Na ninyi vijana wa kambi nyingine, kwenu sistimu ikiwa chini mnaambiwa saa ngapi? Tuandikieni hapa chini.