Bei ni Ileile, Fungu Limepungua

Pita kwenye genge lolote la Dar es Salaam jioni. Fungu la nyanya bado ni shilingi 1,000, ila nyanya zilizokuwa tano sasa ni tatu, na mojawapo imeminyika. Mama anazigeuzageuza, anaomba nyongeza, anaambiwa mzigo umepanda. Analipa, anaondoka.

Bei ikipanda hivi haisikiki, na ndiyo maana leo tunapiga kelele.

Supamaketi bei imebandikwa. Mteja akiona unga umepanda, anaurudisha na kuchukua wa bei nafuu. Sokoni anapatana, au anahamia meza nyingine. Lakini dukani kwa Mangi, yaani muuza duka wa mtaani, anakonunua mwenye kipato cha kutwa, mteja hataji kilo wala lita. Anataja pesa aliyonayo: "Nipimie mafuta ya mia tano." Mia tano ni ileile kila siku, kinachoshuka ni mafuta kwenye chupa.

Tuchukue mfano. Lita ikiwa shilingi 6,000 na robo lita ikauzwa 1,800, mnunuzi wa robo analipa lita kwa 7,200. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi.

Hatumlaumu Mangi, ambaye hukopesha kwa daftari na kufungua hadi usiku. Wala mteja si mjinga: nauli ya kufuata bei ya chini ingemaliza nafuu yote, na huko hakuna daftari.

Lakini serikali haina udhuru. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja isiyozidi shilingi 3,200 kwa kilo. Bado mitaani wananchi walinunua kwa zaidi ya 4,000. Aliyenunua sukari ya kufungwa kwenye vifuko hakuwa hata na namna ya kujua ameibiwa kiasi gani.

Wakala wa Vipimo, wanaokagua pampu za mafuta na kupambana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, waingie pia uchochoroni wakapime mizani na vikopo vya dukani. Halmashauri zihakikishe kila duka linabandika bei ya kilo na ya lita, hata kwa chaki. Nasi wanunuzi, kabla ya kutaja pesa, tuulize: kilo shilingi ngapi?

Tusisubiri fungu libaki nyanya moja.