Ufeministi wa mizizi na mwanamke anayebaki nje ya geti

NILIKUWA ndani ya basi la usiku likielekea mpakani. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa akimsimulia jirani yake kwamba safari hii mauzo yataingia kwenye simu yake mwenyewe, si ya mumewe, kwa sababu mara mbili mtaji umeyeyukia nyumbani. Kijana wa kiti cha nyuma akadakia: “Huyu ndiye feministi radikali sasa!” Basi zima likacheka. Mama akakana haraka: “Mimi si feministi, mwanangu. Mimi natafuta riziki tu.”

Kicheko kile sikukishangaa. Kilichonikaa moyoni ni kule kukana.

Neno “radikali” tumezoea kulitafsiri kuwa “mwenye msimamo mkali”, na tukishasema hivyo msikilizaji anaona mtu wa vurugu, mwenye chuki na wanaume. Asili ya neno ni Kilatini, radix, yaani mzizi. Feministi radikali ni yule anayesema kwamba ukikata matawi tu, mti utachipua tena; nenda kwenye mzizi. Na mzizi wenyewe ndio huu tunaouita mfumo dume: mpangilio unaompa mwanaume kauli ya mwisho nyumbani, sokoni, ofisini, na hata juu ya mwili wa mwanamke.

Wapo wapigania haki za wanawake wanaotafuta nafasi ndani ya mfumo uliopo: viti bungeni, mikopo, mishahara sawa. Wa mizizi hawazikatai hizo. Wanaongeza swali moja: mkopo ukishatoka benki na kufika nyumbani, nani ataushika?

Fikra hii ilipata jina na sura Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 liliundwa kundi la New York Radical Women, na mwaka 1969 likafuata la Redstockings. Waliandamana, ndiyo, lakini kazi yao kubwa ilifanyika sebuleni. Walikaa duara, kila mmoja akajibu swali lile lile kutokana na maisha yake: nyumbani kwenu nani anafua, nani analea, mwajiri wako alikuambia nini mlipobaki wawili? Aliyeingia akidhani ana tatizo lake peke yake alitoka akijua ni la wote. Mmoja wao, Carol Hanisch, alichapisha makala mwaka 1970 ambayo kichwa chake kimekuwa kaulimbiu duniani kote: la binafsi ni la kisiasa.

Msomaji mwenye kikoba, chama, ikimina au tontini analijua duara hilo. Tofauti ni kwamba sisi tukishahesabu fedha, tunafunga daftari na kwenda zetu.

Maduara hayo yalizaa matunda. Mwaka 1975, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, wanawake waliokutana kuzungumzia waliyotendewa na mabosi wao walilipa jambo hilo jina: unyanyasaji wa kingono kazini. Kabla ya hapo liliitwa utani, au bahati mbaya ya mrembo. Mwaka 1979 mwanasheria Catharine MacKinnon, feministi radikali, aliandika kitabu akidai kwamba huo ni ubaguzi unaostahili kushtakiwa, na mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali hoja hiyo. Huku kwetu, sheria ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa katika kifungu chake cha 25. Mwanamke anayeambiwa mpakani “mzigo wako tutauongea jioni” hana haja ya kujiuliza alivaa nini. Lina jina, na ni kosa.

Hata hivyo tusidanganyane. Wengi walioongoza maduara yale ya New York walikuwa wanawake weupe waliosoma, na waliposema “wanawake” mara nyingi walijiona wao wenyewe. Wanawake weusi wa Boston walioanza kukutana mwaka 1974 kwa jina la Combahee River Collective waliliona pengo hilo. Katika tamko lao la mwaka 1977 walieleza kwamba mwanamke mweusi maskini habanwi na jinsia leo, rangi kesho na umaskini keshokutwa. Anabanwa na vyote kwa pamoja. Walikataa pia kujitenga na wanaume weusi, waliokuwa nao katika vita dhidi ya ubaguzi wa rangi. Hadi leo wapo mafeministi radikali wasiotaka kuwahesabu wanawake waliobadili jinsia, na wapo, MacKinnon akiwamo, wanaosema mlango usifungwe. Ugomvi ni ule ule: ukishaufikia mzizi, nani umemwacha nje?

Mimi naegemea upande wa mlango wazi. Kwa anayesema haya ni mambo ya Wazungu, nampeleka Abeokuta, Nigeria, na mfano huu ni wa wafanyabiashara.

Katika miaka ya 1940 Funmilayo Ransome-Kuti, mwalimu aliyesoma Uingereza, aliongoza klabu ya wanawake wasomi wa mji huo. Wauza sokoni wakamletea kilio: maofisa walikuwa wakiwanyang’anya mchele, na utawala wa kikoloni uliwatoza wanawake kodi kupitia kwa mfalme wao, Alake. Klabu ingeweza kuwaandikia barua ya huruma na kurudi kwenye chai. Badala yake iliwafungulia mlango, na mwaka 1946 ikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Ransome-Kuti akavaa kama wao na kuhutubia kwa Kiyoruba, mwenye kibanda asijione mgeni. Wakagomea kodi, wakakesha nje ya kasri kwa maelfu. Januari 1949 Alake aliachia kiti. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1950, na hapo ndipo tunapokumbushwa kwamba mzizi hauling’olewi kwa siku moja. Lakini wasingefika hata hapo kama wasomi wangebaki peke yao.

Sasa turudi kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani: bidhaa zilizo kwenye orodha na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Bado wanawake wengi wanapita njia za panya, kwa kutoujua utaratibu huo au kwa kumwogopa mtu wa getini. Vyama vya wanawake wafanyabiashara vingeweza kuwafundisha. Lakini nimehudhuria mikutano ambako mwanachama ni mwenye leseni, mwenye ada, na mwenye kitambulisho cha upande huu. Mbeba ndizi wa kichwani hayumo. Dada anayesukuma mizigo kwa baiskeli ya walemavu hayumo. Mwenzetu wa ng’ambo ya mpaka anaitwa mshindani.

Na yupo mwingine, wa karibu zaidi. Mama anaposafiri siku tatu kufuata mzigo, nani anabaki na watoto? Ni dada wa kazi, mara nyingi msichana mdogo, asiye na mkataba, anayelipwa mzigo ukiuzika. Mkataba wa kimataifa namba 189 wa mwaka 2011 unamtambua kuwa mfanyakazi mwenye haki kama wengine. Tunadai mume asishike mshahara wetu, ilhali sisi tumeushika wa kwake. Hapo hatujang’oa mzizi. Tumejipatia tawi la kukalia.

Wanaume wanaosoma safu hii hawafukuzwi. Mume anayelea watoto mke akiwa safarini amekata mzizi mmoja, hata kama hajawahi kulisikia neno feministi.

Kikao kijacho, fedha zikishahesabiwa, msifunge daftari upesi. Ulizaneni swali moja: nani alitakiwa kuwa hapa na hayupo? Kisha mkamwite.

Yule mama wa vitenge alishuka kabla sijamwambia kwamba alichokikana ndicho alichokuwa akikifanya.